Kantangaze hajifunzi kuizoea dawa

Dawa iliyosafisha nyanya msimu uliopita ikishindwa msimu huu, wengi husema kantangaze, nondo mdogo ambaye viwavi wake hula majani na matunda ya nyanya, "ameizoea". Lakini kiwavi hajifunzi kustahimili sumu. Miongoni mwa maelfu waliomo shambani, wachache huzaliwa na tofauti ya kurithi inayofanya sumu isiwashike. Ukipulizia, wenzao hufa, wao hubaki, hupandana, na watoto hurithi tofauti hiyo. Jike hutaga hadi mayai 260, na penye joto kizazi hukamilika kwa takriban wiki nne. Usugu hauchelewi kuenea hapo.

Mdudu huyu asili yake ni Amerika Kusini. Hispania alionekana 2006, Tanzania na Kenya 2014, na vinasaba vya usugu dhidi ya pairethroidi, aina mojawapo ya dawa za wadudu, alikuja navyo. Ndiyo maana kuzinunua dawa hizo kwa ajili yake ni kutupa pesa.

Kubadili chupa si kubadili dawa, na hapa ndipo wakulima wanapoumia zaidi. Dukani utakuta majina na rangi tofauti, kumbe moja ina klorantraniliproli na nyingine flubendiamidi, zote za kundi la 28 (dawa hupewa namba za makundi kulingana na jinsi zinavyomuua mdudu). Aliyeishinda moja mara nyingi ameishinda na ya pili. Soma kiambato amilifu (kemikali yenyewe inayoua) na namba ya kundi kwenye kibandiko. Usipoiona, muulize bwana shamba. Tumia kundi moja kwa kizazi kimoja, yaani siku 30 hivi, kisha hamia jingine, mfano spinosadi (kundi la 5) au abamektini (kundi la 6). Kuchanganya makundi kila wiki ni kosa: kizazi kilekile kinachujwa na dawa zako zote kwa mpigo.

Usipulizie kwa mazoea. Chuma jani lenye mabaka meupe, liinue kwenye jua: kiwavi akiwa hai utamwona akisogea ndani, na kinyesi cheusi nyuma yake. Mabaka makavu yasiyo na kiwavi ni ya zamani, hayahitaji dawa.

Mavuno yakiisha, ng'oa mashina yote na kuyafukia siku hiyohiyo. Waliobaki humo ndio walionusurika dawa zako za msimu mzima, na wakiachwa ndio watakaotaga kwenye miche mipya, yako na ya jirani. Kubalianeni naye siku ya kung'oa.