Somo: Kutoa sampuli ya vinasaba kwa utafiti wa afya, kwa Waswahili tulioko Uingereza

Asalaam aleikum na habari zenu, ndugu wanachama. Barua za mwaliko wa Our Future Health zimewafikia wengi wetu, na swali limekuwa lile lile: nikubali au niitupe? Nimeona nitoe somo zima, kisha nijibu maswali mliyoyatuma. Msimamo wangu nauweka mezani tangu mwanzo: nawaomba mwende. Ila mwende mkiwa mmeisoma fomu ya ridhaa mpaka mstari wa mwisho.

Kwa wasioujua, huu ni mradi wa utafiti wa afya unaolenga kufikisha hadi watu wazima milioni 5 wanaoishi Uingereza. Mtu anajibu dodoso, anatolewa damu kidogo, na anaruhusu rekodi zake za NHS (huduma ya afya ya taifa) zisomwe pamoja na vinasaba vyake kwa miaka mingi ijayo. Watafiti wanatafuta dalili za mapema za kisukari, saratani, maradhi ya moyo na ugonjwa wa kusahau, kabla mtu hajaanza kuumwa.

Kwa nini nasisitiza sisi twende? Chukueni kipimo cha sukari ambacho kila GP (daktari wa mtaa) hapa anakitumia, HbA1c. Kipimo hiki kinaangalia sukari iliyogandia kwenye chembe nyekundu za damu kwa kipindi cha miezi miwili mitatu. Sasa, wapo watu wengi wenye asili ya Afrika ambao wamerithi kibadiliko cha vinasaba kinacholeta upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, na chembe zao nyekundu hufa mapema kuliko kawaida. Chembe ikifa mapema, sukari haipati muda wa kugandia, na kipimo kinasoma chini ya ukweli. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa wanaume wenye kibadiliko hicho, HbA1c hushuka kwa takribani pointi 0.8 za asilimia. Kwa namba za mmol/mol zinazotumika hapa, huko ni kushuka kwa kama 9. Yaani mtu ambaye kipimo chake kilistahili kusoma 52, ambayo ni kisukari, anaweza kuandikiwa 43 na kuambiwa apunguze chapati tu, arudi mwaka ujao. Miaka inapita, macho na figo vinaharibika, na karatasi inasema yuko salama.

Jambo hili lilijulikana kwa sababu Wamarekani weusi kwa maelfu walikuwa wametoa damu zao kwa utafiti. Hapa Uingereza, hazina nyingine ya utafiti iitwayo UK Biobank iliandikisha watu 500,000 kati ya mwaka 2006 na 2010, na zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa Wazungu. Ni hazina kubwa na imesaidia mengi, lakini damu za kwetu mle zimo chache mno. Na sisi wa Pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria tuna historia ndefu na malaria. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu huko mwaka 1949 akakuta chembe ya selimundu (sickle cell) imejaa pwani na ziwani lakini ni adimu nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha sababu: anayeirithi kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali. Upungufu wa G6PD nao umeenea kwa sababu hiyo hiyo ya malaria. Damu zetu zina mambo yake, na dawa zinapimwa kwa damu za wengine.

Hatua ya kwanza: hakikisha mwaliko ni wa kweli. Usibonyeze kiungo kilichozungushwa kwenye WhatsApp, hata kama kimetoka kwa shangazi. Andika mwenyewe jina la mradi, uingie kwenye tovuti yao. Kujiunga hakuna ada, kwa hiyo anayekudai namba ya kadi ya benki ni tapeli. Barua si lazima. Ukiwa na miaka 18 au zaidi na unaishi Uingereza, unaweza kujiandikisha mwenyewe.

Hatua ya pili: ridhaa. Hapa kaeni. Fomu niliyoisoma mimi ni ya Kiingereza, na wazee wetu wengi humwachia mtoto abonyeze "nakubali" kwenye simu huku wao wako jikoni. Tafadhali msifanye hivyo. Mtoto asome kwa sauti, mzee aulize, na uamuzi uwe wa mzee mwenyewe. Mambo ya kuyatafuta ni haya: unaruhusu rekodi zako za NHS ziunganishwe, za nyuma na zijazo, unaruhusu utafutwe tena baadaye kwa tafiti nyingine, ambazo kila moja una haki ya kuikataa, unaruhusu watafiti wa vyuo na wa kampuni, wa hapa na wa nje, watumie taarifa zako baada ya jina na anwani kuondolewa. Hilo la kampuni lisomeni mara mbili. Na tafuteni sehemu ya kujitoa. Unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, ila kilichokwisha kutumika kwenye utafiti uliomalizika hakirudi nyuma.

Jambo moja ambalo fomu haiwezi kukufanyia: zungumza na ndugu zako. Vinasaba vyako ni nusu ya mama, nusu ya baba, na kwa sehemu kubwa ni vya kaka na dada zako pia. Huhitaji ruhusa yao kisheria. Lakini kwa desturi zetu, kuwaambia ni heshima.

Hatua ya tatu: dodoso. Watauliza uvutaji wa sigara, kazi, usingizi, dawa unazotumia, na maradhi ya familia. Hili la mwisho ndilo linalotukwamisha, maana kwetu mtu "aliumwa tu, akafariki". Kabla ya kujaza, piga simu nyumbani. Usimuulize bibi jina la ugonjwa, muulize alichokiona: babu miguu ilivimba? Alikuwa akiamka usiku mara nyingi kukojoa? Kidonda cha mguuni kilikataa kupona? Alianguka ghafla, upande mmoja ukapooza? Majibu hayo yatakusaidia wewe na GP wako hata usipojiunga na mradi wowote. Usichokijua, jaza kwamba hujui. Usibahatishe.

Kwenye kabila na asili, jaza unavyojitambua. Mwenye bibi Mngazija na babu wa Kimanga asihangaike. Vinasaba vitajieleza vyenyewe.

Hatua ya nne: miadi. Unachagua kituo kilicho karibu. Vingine viko ndani ya maduka ya dawa ya Boots, vingine ni magari maalumu yaliyoegeshwa nje ya supamaketi. Kunywa maji ya kutosha kabla ya kwenda, mshipa utapatikana kwa urahisi. Kina mama wanaovaa buibui, vaeni ndani nguo ya mkono mpana unaopanda juu ya kiwiko, na mkitaka kutolewa damu na mwanamke ulizeni mapema. Watakupima presha, mapigo ya moyo na vipimo vya mwili, na watakupa nafasi ya kupimwa kolesteroli kwa tone la kidoleni. Halafu damu ya mkononi, kidogo tu. Matokeo ya presha na kolesteroli unaondoka nayo siku hiyo hiyo. Presha ikisoma juu, usiiache ikae mfukoni, mpelekee GP.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Leicester: Wataniambia kama nina selimundu au nitapata saratani?*

Usiende kwa matarajio hayo, dada yangu. Huu ni utafiti, si hospitali. Damu yako inasomwa kwenye mamia ya maelfu ya nukta za vinasaba, lakini haisomwi ili kukupa wewe cheti. Wana mpango wa kuwapa watakaotaka taarifa za uwezekano wao wa kuugua, na hilo utaulizwa kwanza. Ukitaka kujua kama una chembe ya selimundu, hasa kama mnapanga mtoto, mwombe GP kipimo. Kipo NHS, na wajawazito hupewa nafasi ya kupimwa.

*Kaka wa Manchester: Bima ya maisha je? Wasije wakanipandishia.*

Serikali na chama cha kampuni za bima wana makubaliano, toleo la sasa ni la mwaka 2018. Kampuni haiwezi kukulazimisha upime vinasaba, na matokeo yaliyotokana na utafiti huna wajibu wa kuyataja. Kipimo cha kutabiri ambacho wanaruhusiwa kukiuliza ni cha Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi, na ni pale tu bima ya maisha inapozidi pauni 500,000. Lakini ugonjwa ambao tayari daktari amekuambia unao, huo ukiulizwa unautaja.

*Mzee wetu wa London: Home Office (wizara ya uhamiaji) na polisi hawataingia humo?*

Shikamoo mzee. Mradi unasema hauwapi polisi, waajiri wala kampuni za bima taarifa za mtu, isipokuwa sheria ikiwalazimisha, kwa mfano amri ya mahakama. Mlango huo wa mahakama upo na siwezi kukuficha. Ikiwa makaratasi yako yanakukosesha usingizi, subiri yatulie kwanza. Mradi hautakimbia.

*Kaka wa Cardiff: Kampuni za dawa zitatajirika kwa damu yetu, kama walivyomfanyia Henrietta Lacks.*

Henrietta Lacks, mgonjwa Mmarekani mweusi, chembe zake zilichukuliwa Baltimore mwaka 1951 bila yeye kujua zikatumika kwenye utafiti na biashara, na familia yake ilifikia mapatano na kampuni moja mwaka 2023, zaidi ya miaka 70 baadaye. Hasira hiyo ni ya haki. Na ni kweli kampuni za dawa zilichangia fedha za kuuanzisha mradi huu, na hakuna gawio litakalokuja kwako. Ila tazama upande wa pili. Mjini Dallas, Marekani, watafiti Helen Hobbs na Jonathan Cohen walikuta kwamba takribani Wamarekani weusi 2.6 katika kila 100 wana kibadiliko kwenye jeni ya PCSK9 kinachowashushia kolesteroli mbaya na kuwakinga sana na maradhi ya moyo. Kutokana na ugunduzi huo zikaja dawa za sindano, za kwanza mwaka 2015, na leo NHS inawachoma watu wa kila rangi. Ukiona masharti ya kampuni hayakukai moyoni, kukataa ni haki yako, na matibabu yako NHS hayabadiliki hata kidogo.

*Mama wa Birmingham: Nikitolewa damu nimefunga, saumu inaharibika?*

Wanazuoni wengi wanaona damu kidogo ya kipimo haifunguzi. Kama moyo hautulii, muulize sheikh wako au weka miadi baada ya Idi. Hata hivyo maji ni muhimu siku hiyo, kwa hiyo mimi ningengoja.

*Dada wa Glasgow: Mbona nisinunue tu kile kifaa cha kutemea mate cha kupima vinasaba nyumbani?*

Hicho ni biashara. 23andMe, kampuni ya Marekani inayouza vifaa hivyo, ilivujiwa taarifa za wateja karibu milioni 6.9 mwaka 2023, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mufilisi, hazina ya vinasaba ikawa mali ya kuuzwa. Ukiwa tayari ulitema mate huko, ingia kwenye akaunti yako uombe taarifa zifutwe na sampuli iharibiwe.

*Kaka wa Reading: Mama yangu yuko Tanga. Anaweza kushiriki?*

Mradi huu hapana, lazima awe anaishi Uingereza. Huko nyumbani tafiti za vinasaba zipo: Kilifi kwa KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya), hospitali ya Muhimbili kwa wagonjwa wa selimundu, Nairobi ndani ya AWI-Gen, utafiti wa vinasaba vya Waafrika. Akifuatwa na watafiti, adai nakala ya fomu kwa Kiswahili abaki nayo, aulize kibali cha kamati ya maadili ya taifa, ambayo Tanzania iko chini ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), na aulize sampuli itahifadhiwa wapi na kama itasafirishwa nje. Mwaka 2019 lilizuka zogo kubwa kuhusu sampuli za Waafrika zilizopelekwa taasisi moja hapa Uingereza, na Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika Kusini kikataka za kwake zirudishwe. Kwa hiyo mwambie mama aulize mbele ya shahidi, kabla hajaweka dole gumba.