Namna ya kufundisha urithi wa selimundu mkutanoni bila kuvunja ndoa ya mtu

Somo la vinasaba vya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, haliharibiwi sana na sayansi. Linaharibika pale mtu anapoinuka na kuuliza, "Mimi nilipimwa nikaambiwa sina, mbona mtoto anao?" huku mwenzi wake na wakwe wamekaa mstari wa pili. Panga kikao chako ukiwa na dakika hiyo kichwani.

Watu 20 hadi 30 wanatosha, na saa moja na nusu inatosha. Wakizidi hapo, wa nyuma hawaoni kitu. Andaa vikombe viwili visivyoonyesha kilichomo, vifungo vya shati vya ukubwa mmoja (vinne vyeupe, vinne vyekundu), karatasi kubwa na kalamu nene. Wengi hutumia maharage na mahindi. Usifanye hivyo, kwa sababu vidole hutambua umbo na mchotaji huanza kuchagua.

Kikombe kimoja ni mama, kingine ni baba. Weka kifungo cheupe kimoja na chekundu kimoja katika kila kikombe. Eleza kwa ufupi: kila mtu ana nakala mbili za jeni inayotengeneza himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni), moja ya mama na moja ya baba. Nyeupe ni A, ya kawaida. Nyekundu ni S, ya selimundu. Mwenye AS ni mbebaji, na kwa kawaida ana afya yake. Mwenye SS ana selimundu. Usimwite mbebaji "mgonjwa nusu": likishatamkwa jina hilo, litamfuata hadi kwenye posa.

Sasa mtu achote kifungo kimoja kila kikombe bila kutazama, msaidizi aandike jibu, kisha vifungo virudi kila kimoja kikombeni mwake. Hatua hii ya kurudisha ndiyo inayosahaulika. Usiporudisha, mchoto wa pili tayari umeamuliwa na wa kwanza, na utakuwa umefundisha kinyume kabisa: kwamba mtoto wa pili hutegemea alivyozaliwa wa kwanza.

Simama baada ya michoto minne. Hapo kuna kitu cha kuonyesha. Watu wameshasikia "mmoja kati ya wanne", wakaelewa kwamba akizaliwa mmoja mwenye selimundu, watatu wanaofuata wako salama. Lakini katika familia 100 za watoto wanne wenye wazazi kama hawa, takribani 32 hazitapata hata mmoja mwenye SS, na nyingine zitapata wawili au watatu. Mtoto wa kwanza hajawalipia wadogo zake. Endelea hadi michoto 40: SS zitakaribia 10, ingawa 6 au 14 si ajabu. Kisha badilisha vifungo vikombeni, michoto kumi kumi. Wazazi AA na AS hawapati mtoto SS. Wazazi SS na AA watoto wote ni AS, na vijana wenye selimundu wanahitaji kuliona hilo kwa macho.

Kuondoa lawama anazotupiwa mama huhitaji kitendo kuliko hotuba. SS inapotoka, inua vifungo vyote viwili na uulize kila kimoja kimetoka kikombe gani.

Kuhusu malaria, sema mambo mawili kwa pumzi moja. AS hupunguza sana hatari ya malaria kali, ndiyo maana S imeenea katika maeneo yenye malaria, kuanzia Afrika hadi India na Bara Arabu. Lakini mbebaji bado anahitaji chandarua, na kwa mwenye SS malaria ni hatari kubwa. Ukiacha nusu ya pili, kuna atakayeondoka akiamini mtoto wake mwenye selimundu haugui malaria.

Sasa lile swali la mwanzo. Jibu liwe tayari: "Sababu ziko nyingi, na majibu ya mtu hayasomwi hadharani. Tuonane na mhudumu baadaye." Wewe mwenyewe uzijue sababu hizo. Kipimo cha haraka cha kuangalia seli zikijikunja hakitofautishi AS na SS. Kwa mtoto chini ya miezi sita, himoglobini aliyokuwa nayo tumboni mwa mama huficha majibu. Aliyeongezewa damu ndani ya miezi mitatu au minne anapimwa pamoja na damu ya watu wengine. Mzazi anaweza kubeba thalasemia (kasoro nyingine ya kurithi ya himoglobini), ambayo ikikutana na S huleta ugonjwa unaofanana na SS. Majina pia hubadilishana maabara. Suala la nani ni baba si kazi ya mkutano. Kwa vipimo hivyo Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya 2009, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Ukiweka meza ya kupima, iwe faragha, na majibu apewe aliyepimwa, si mwenzi wake. Usiwaamuru AS wasioane. Wape hesabu, waelekeze kwenye ushauri, uamuzi ni wao. Nenda ukawaone viongozi wa dini kabla ya mkutano: wakishtukizwa mbele ya waumini watajibu kwa kujihami.

Watafiti wakitaka damu, wasaidie watu kuuliza: itahifadhiwa miaka mingapi, itatoka nje ya nchi, majibu yatarudi, naweza kujitoa? Kufuta jina hakutoshi, kwa sababu vinasaba vyako vinasema pia habari za ndugu zako, na data zikishawekwa kwenye hifadhi ya pamoja ni vigumu kuzirudisha. Uliza pia jamii itaandikwaje. Sampuli za Waluhya katika 1000 Genomes, mradi wa kimataifa wa kusoma vinasaba vya watu, zimeandikwa "Webuye, Kenya", maana waliopimwa pale hawawakilishi Waluhya wote, sembuse Afrika nzima.