Istilahi za Kuweka Tayari Kabla ya Kuandika Insha ya Uhakiki

Soma matini mara mbili kabla ya kuandika lolote, na mara ya pili uwe na kalamu mkononi. Hilo halihitaji maelezo.

Tenganisha maudhui (kinachosemwa) na fani (jinsi kinavyosemwa) mapema. Dhamira, migogoro, ujumbe na msimamo vikae upande mmoja. Muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha vikae upande wa pili. Kwa shairi, hesabu mishororo (mistari), vina (silabi za mwisho zinazofanana) na mizani (idadi ya silabi) kwanza, wala usiliite tarbia kabla hujahakikisha kwamba kila ubeti una mishororo minne.

Chagua istilahi za kitabu kimoja uzishike hadi mwisho, kwa maana kile ambacho mmoja anakiita sitiari, yaani kulinganisha bila neno “kama”, mwingine anakiita istiara, na msomaji anayekutana na yote mawili katika aya moja atadhani unazungumzia tamathali mbili.

Sasa hili la nafsi neni (sauti inayonena ndani ya shairi) na msimulizi (anayesimulia hadithi) lisikilize vizuri, kwa sababu mimi lilinigharimu mtihani mzima. Tulipewa kifungu cha hadithi ambamo msimulizi ni mtumishi wa nyumbani anayemwelezea bwana wake, na sentensi moja ilikwenda hivi: “Tajiri yetu ni mkarimu mno, hata mbwa wake hushiba kabla ya sisi kuonja.” Niliona neno “mkarimu”, nikaona “mno”, nikaandika kurasa tatu nikieleza jinsi mwandishi anavyowasifu matajiri, huku nikitaja chuku (kutia chumvi) na takriri (kurudia neno) kwa kujiamini kabisa. Mwalimu alipigia mstari neno “mbwa” kwa kalamu nyekundu, akauliza pembeni: “Nani anasema haya, na anamaanisha anachosema?” Nilikuwa nimekosea mara mbili. Aliyesema ni msimulizi, wala si mwandishi. Na kilichoonekana sifa kilikuwa kinaya, yaani kusema kinyume cha unachomaanisha, kwa kuwa ukarimu unaomfikia mbwa kabla ya mtu ni kinyume cha ukarimu. Kinyume hicho kinapokusudiwa kumdunisha anayesemwa, wengi hukiita kejeli, ingawa mipaka ya maneno haya mawili hutofautiana kati ya kitabu na kitabu, kwa hiyo fafanua unavyoyatumia. Tangu siku hiyo, kabla ya kuandika “mwandishi anasema”, huandika kwanza pembeni mwa karatasi ni nani anayenena, ananena na nani, na ni neno gani moja linaloisaliti nia yake.

Vitenzi navyo viandae, maana “anasema” likirudiwa mara ishirini linachosha na halichambui. Ukiandika “anabainisha”, umekwisha kukubali kwamba jambo hilo ni kweli; ukiandika “anadai”, umejiweka kando; “anadokeza” linahitaji uonyeshe dokezo lenyewe lilipo, na “anabeza” linahitaji uonyeshe dharau.

Kwa hotuba na makala, ongeza istilahi za balagha, yaani ufasaha wa kushawishi. Mgawanyo aliouweka Aristotle wa Ugiriki katika karne ya 4 kabla ya Kristo bado unafaa: msemaji hushawishi kwa haiba yake, kwa kugusa hisia za wasikilizaji, au kwa hoja yenyewe. Usiite kila swali swali la balagha. Likisubiri jibu kutoka kwa mhusika mwingine, hilo ni swali la kawaida tu.

Ukitaja takriri, sema ni neno gani limerudiwa, mara ngapi, na marudio hayo yanamfanyia nini msomaji, kwa kuwa orodha ya tamathali bila athari zake ni faharasa, na hakuna anayetoa alama kwa faharasa.

Mengineyo unayajua: nukuu ziwe fupi, majina ya wahusika yaandikwe kama yalivyo kitabuni, tashbihi, yaani mlinganisho wenye “kama”, isichanganywe na sitiari, na istilahi usiyoweza kuifafanua kwa sentensi moja iache, hasa ile uliyoisikia jana tu.