Sarafu za kale: kosa la kiwandani au jeraha la mtaani?

Wandugu wa chama chetu cha sarafu, wengi mnaniletea sarafu za Congo Belge (Kongo ya Wabelgiji) na za Katanga mkiuliza kama zina kosa la kuzipandisha bei. Nyingi hazina. Zimegongwa nyundo, zimetobolewa ziwe mkufu, zimelala kwenye udongo mwekundu tangu enzi Lubumbashi ikiitwa Élisabethville. Kosa la kweli ni lile lililotokea sarafu ilipokuwa inapigwa. Yaliyoipata baada ya kutoka kiwandani ni majeraha, hata yakiwa ya ajabu namna gani.

Kiwandani, kisahani cha chuma kisicho na mchoro huwekwa kati ya mihuri miwili, kikazungukwa na pete. Mashine inabana kwa nguvu, chuma kinajaa kwenye mashimo ya mihuri, na pete inakizuia kisitanuke. Basi kosa linatoka kwenye kisahani, kwenye muhuri au kwenye kule kubana. Ukiona kasoro, jiulize ni kipi kati ya hivyo kingeweza kuileta. Ukikosa jibu, karibu kila mara ni jeraha.

Hatua ya 1. Usisafishe. Ndimu na majivu viachie masufuria. Mikwaruzo ya kusugua inafuta alama ndogo tunazozitafuta, na mnunuzi anayejua anaiona papo hapo. Suuza kwa maji, kausha kwa kitambaa laini bila kusugua, shika kwenye ukingo.

Hatua ya 2. Jua sarafu ilitakiwa iweje. Hapa ndipo watu wanapotea sana. Franka mbili za tembo za 1943 zina pembe sita: si kosa, ndivyo zilivyopigwa Philadelphia, Marekani, wakati Ubelgiji iko mikononi mwa Wajerumani. Za 1946 na 1947 ni za mviringo. Franka moja za mfalme Albert za miaka ya 1920 zipo zenye maandishi ya Kifaransa na zenye ya Kiflamani, kwa hiyo "KONING" (yaani mfalme) si herufi zilizokosewa. Santimu nyingi za zamani zina tundu katikati kwa makusudi. Na zile za Katanga za 1961, franka moja na franka tano, zote zina kichane cha ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili. Tafuta mbili tatu za aina moja uzilinganishe. Ukiwa na moja peke yake, unabahatisha.

Hatua ya 3. Mwanga wa pembeni. Kioo cha kukuza mara 10 kinatosha. Umeme ukikatika, dirisha la asubuhi ni zuri kuliko taa ya simu. Lalisha mwanga upite juu ya sarafu na uangalie: mstari umeinuka au umezama? Muhuri ukipasuka, chuma kinaingia kwenye ufa, na sarafu inatoka na mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa mtaani unazama. Herufi iliyokosekana huku uso ukiwa mzima huenda ilitokana na grisi iliyoziba muhuri. Ikiwa pale pamelika au pamekunwa, hakuna kitu.

Hatua ya 4. Maandishi yanayoonekana mara mbili. Muhuri uliochongwa na picha mbili unatoa herufi nene, zote mbili zimejaa na kuinuka, na ncha zake zimegawanyika. Lakini muhuri ukiteleza kidogo wakati wa kubana, unaacha ngazi bapa iliyokwanguliwa ubavuni mwa herufi. Hiyo ya pili ni ya kawaida mno. Msiniamshe usiku kwa ajili yake.

Hatua ya 5. Ukingo. Sarafu iliyong'atwa kipande cha mviringo inaweza kuwa kisahani kilichokatwa kikipitiliana na kingine. Tazama upande ulio mkabala: kwenye kosa la kweli mara nyingi ukingo wa huko umefifia. Msumeno na tupa haviachi dalili hiyo.

Maswali ya wanachama

*Yaya, niko na santimu kumi ambayo tundu lake limekwenda pembeni. Ni ya kiwanda?*
Inawezekana. Tundu la kiwanda lina kingo safi. Kama kuna tundu la katikati na hilo la pili lina chuma kilichosukumwa upande mmoja, mtu alitumia msumari.

*Papa, tembo wangu amezama ndani na maandishi yanasomeka kinyume.*
Kosa hilo lipo: sarafu iliyokwama inageuka kuwa muhuri wa inayofuata. Ila mtu pia anaweza kubana sarafu mbili kwenye jiliwa la gereji. Angalia upande huohuo: kama mchoro wake wa kawaida bado uko, umelazwa bapa chini ya ule wa kinyume, ni kazi ya gereji.

*Franka tano yangu ya Katanga inang'aa kama dhahabu.*
Ya dhahabu ilitengenezwa kweli, lakini za bronzi (mchanganyiko wa shaba) zilizopakwa rangi zipo. Weka yako na ya kahawia kwenye mzani mmoja. Kwa ukubwa uleule, dhahabu ina uzito wa karibu mara mbili. Zikikaribiana, pole, mama.

*Shemeji amenipa senti za Lincoln kutoka Marekani, sokoni hakuna anayezipokea. Moja ya 1943 ni ya shaba!*
Anza na sumaku. Mwaka huo walipiga senti za chuma kilichopakwa zinki ili shaba iende vitani, na shaba nyingine ya vita hiyo ilitoka hapa kwetu Katanga. Chache zilitoka kwenye visahani vya bronzi vilivyobaki. Ikinaswa na sumaku, ni chuma kilichopakwa shaba. Isiponaswa, chunguza tarakimu ya 3: wajanja hukata 8 ya 1948. Ukipata ya 1955 yenye tarehe mbili zinazoonekana kwa macho matupu, hiyo tuletee.

*Mnunuzi anataka kubaki nayo siku mbili "akaipime".*
Apimie mbele yako. Kabla ya hapo piga picha pande zote mbili na ukingo, na uandike uzito.