Ukiona damu chooni, ile barua ya "huhitaji uchunguzi zaidi" isikutulize: kwa watu wa Mtwara na Lindi mlioko Uingereza

Ukifikisha miaka 50 huku England, kipimo cha choo cha kuchunguza saratani ya utumbo mpana kinakufuata kwa posta bila wewe kukiomba, kila baada ya miaka miwili hadi utimize 74. Unachovya kijiti, unafunga kichupa, unaandika tarehe, unarudisha, na stempu hulipii. Sharti ni uwe umejiandikisha kwa GP, yaani daktari wa eneo lako, na ukihama nyumba umpelekee anwani mpya upesi, maana bahasha inakwenda kwenye anwani waliyonayo wao. Hayo ni mepesi. Linalonifanya niandike ni lile lililonikuta baada ya majibu kurudi.

Barua yangu ilisema sihitaji uchunguzi zaidi kwa sasa. Miezi ikapita, nikaanza kuona damu. Choo nacho kikabadilika, mara kigumu, mara kinaniamsha usiku, na uchovu usioeleweka ukanishika. Nikapiga simu kwa GP. Aliyepokea akaangalia kompyuta yake, akaniambia kipimo chako cha utumbo kilikuwa sawa, hiyo itakuwa bawasiri, nunua dawa ya kupaka. Nilipopiga tena, mwingine akanijibu vilevile. Barua ile ilikuwa imewatosha wote pale. Mimi damu bado naiona.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana mtego wenyewe uko hapa. Kipimo hicho kinaitwa FIT, na kinatafuta damu ambayo jicho haliioni. Kinatumika kwa kazi mbili, na kila kazi ina kiwango chake. Kwa watu wasio na dalili yoyote, England ilipoanza kukitumia mwaka 2019 iliweka kiwango cha mikrogramu 120 za hemoglobini kwa kila gramu ya choo. Scotland waliweka 80. Ukiwa chini ya hapo, unaletewa barua ya kukutoa wasiwasi. Lakini mwenye dalili akipimwa na daktari, kiwango ni 10 tu. Maana yake mtu mwenye 60 kwa njia ya posta anaambiwa hana haja ya kuchunguzwa, na mwenye 60 hiyohiyo kwa njia ya daktari anapelekwa hospitali haraka. Barua niliyopata haikuwa na namba yoyote, na pale mapokezi hakuna aliyeifikiria.

Kwa hiyo, ukiona damu, barua hiyo si jibu lako. Hata kama imefika wiki iliyopita. Na kama bado hujapokea bahasha, usiingoje. Bahasha ya posta ni ya mtu asiyeumwa kitu. Mwenye damu, mwenye choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, anayepungua uzito bila sababu, aliyeambiwa ana upungufu wa damu na haijulikani inapotea wapi, huyo njia yake ni kwa daktari.

Mkienda, semeni hivi: nina damu chooni, choo changu kimebadilika, naomba FIT ya mtu mwenye dalili, ile ya posta haitoshi. Majibu yakifika 10 au kuzidi, ulizeni kama rufaa mnayoandikiwa ni ile ya haraka ya kushukiwa saratani, kwa sababu rufaa hiyo ina lengo la kukupa jibu, unayo au huna, ndani ya siku 28. Na hata namba ikiwa ndogo huku damu inaendelea, rudini. Mimi nilisaidiwa na daktari aliyekuja pale kwa zamu ya muda. Namba yangu ilizidi 10 na ilikuwa mbali kabisa na 120. Kamera ilipoingia utumboni ikakuta uvimbe wenye saratani changa, nikafanyiwa upasuaji. Kwa hesabu za huku, wanaogundulika hatua ya kwanza takriban tisa kati ya kumi wako hai miaka mitano baadaye. Hatua ya nne ni karibu mmoja kati ya kumi. Tofauti hiyo ndiyo niliyokuwa nikiambiwa nikaipakie dawa.

Watu wa huku nawasifu kwa jambo moja: wanapima mtu mzima, kabla hajaumwa. Saratani hii mara nyingi huanza na kinyama kidogo kwenye utumbo mpana ambacho huchukua miaka, hata kumi, kabla ya kugeuka, na kikikatwa mapema saratani haiji. Ni akili njema hiyo. Ila wanaamini mno karatasi, na mtu mpole wanamhesabu ameridhika. Sisi wa Kusini tumelelewa kumwitikia mkubwa na kushukuru. Hapa ukisema asante ukaondoka, faili limefungwa. Jambo jingine: baada ya kamera, ukipewa dawa ya usingizi, wanataka mtu mzima akusindikize nyumbani na abaki nawe. Kwetu Mikindani wangejaa barazani. Hapa watu wanakaa ukuta kwa ukuta miaka na hawajuani majina, basi mtafute mtu wako mapema, kabla ya kupewa tarehe.

Vijana msipite tu. Chadwick Boseman, yule mwigizaji wa filamu ya Black Panther, alifariki mwaka 2020 kwa ugonjwa huu akiwa na miaka 43. Mlioko Marekani, tangu 2021 mnashauriwa kuanza kupima mkiwa na 45.

Sasa ndugu zangu wa nyumbani, nawaambia kwa upendo. Daktari aliniuliza baba alifariki kwa nini. Nikapiga simu Masasi, nikajibiwa tumbo lilimsumbua, Mungu akamchukua. Hilo daktari halimfai. Karatasi za Ndanda zilikuwepo, zimefungwa sandukuni, na hakuna aliyetaka kuzitaja. Hakuna aibu kwenye karatasi hizo. Aliyepoteza mzazi au ndugu wa tumbo moja kwa saratani ya utumbo huenda akahitaji kuanza kupimwa kabla ya umri wa wengine, na daktari hawezi kulijua hilo bila ninyi kusema.

Na hizi dawa za bawasiri za stendi na za kwenye simu, tafadhali. Bawasiri ipo, na inatoa damu kweli, lakini mpaka mtu aangaliwe na daktari hakuna anayejua kama ni bawasiri. Huko bahasha ya posta haipo. Kuna Ligula, kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, kuna Sokoine pale Lindi, kuna Nyangao na Ndanda. Mwambieni daktari kuna damu, ombeni aangalie sehemu yenyewe kwa kidole, apime wingi wa damu, na muulize kuhusu kipimo cha kamera au rufaa ya Muhimbili. Msiseme tungoje korosho ziuzwe. Nauli ya Dar es Salaam tutaichangia sisi huku, na hata ya kumsindikiza mgonjwa, ila tuambieni damu ilipoanza. Msitupigie mtu akiwa ameshaacha kula.

Wadogo zangu wote wanne nimewatumia picha ya majibu yangu ya maabara. Kila mmoja aichapishe, aiweke na kadi yake ya hospitali, na atakapokwenda aionyeshe kabla hajaulizwa.