Namna ya Kukadiria Umbali na Muda wa Safari ya Ndege kutoka Nairobi

Kabla ya kukokotoa lolote, tazama tiketi inataja uwanja gani, kwa maana Nairobi ina viwanja viwili vya abiria: Jomo Kenyatta, unaoandikwa NBO, na Wilson, unaoandikwa WIL.

Umbali wa angani ni mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, na kwa sisi tulio karibu na Ikweta waweza kuupata kwa kalamu na karatasi, kwa kuwa hapa digrii moja, iwe ya latitudo au ya longitudo, ni takriban kilomita 111. Chukua Mombasa. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko digrii 1.32 kusini na 36.93 mashariki, nao ule wa Moi uko digrii 4.03 kusini na 39.59 mashariki. Tofauti ni kama digrii 2.7 kila upande, yaani kilomita 300 kwenda kusini na nyingine 300 kwenda mashariki. Kanuni ya Pythagoras, ile ya shuleni, inakupa kilomita 420 hivi. Kwa London hesabu hii haifai, kwani mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyosogea kaskazini. Afadhali uvute uzi juu ya tufe, au utumie kikokotoo cha intaneti, ambacho kitakupa kama kilomita 6,840.

Ukishapata umbali, ugawe kwa 850, ambayo ni kasi ya wastani ya jeti kwa saa ikiwa imetulia angani, kisha uongeze nusu saa ya kupaa, kushuka na kutembea uwanjani. London inakuja saa nane na nusu. Mombasa inakuja saa moja, na nusu yake ni hiyo nyongeza, ndiyo maana chai hunywewa kwa haraka. Katika safari ndefu upepo nao una neno lake: kutoka Nairobi hadi New York ni kama saa 15, ilhali kurudi ni kama saa 14, kwa kuwa pepo za juu huvuma kuelekea mashariki.

Wengi hukosea kwenye saa. Tiketi huonyesha saa za kila mji kwa majira yake, kwa hiyo ukiondoka Nairobi 09:00 na kufika London 14:30 wakati wa baridi, usitoe tu ukapata saa tano na nusu. Ongeza saa tatu za tofauti ya majira, au mbili ikiwa ni kiangazi chao. Tena, 09:00 ni saa tatu asubuhi, wala si saa tisa. La hatari zaidi ni 00:30 ya Jumanne, ambayo ni saa sita na nusu ya usiku unaoanza Jumatatu jioni. Nimeshuhudia msafiri akifika na masanduku yake Jumanne usiku, ametulia kabisa, ilhali ndege yake ilikuwa imeondoka tangu usiku uliotangulia.