Bogenvilia yenye majani tu: ipande na uitunze hivi

Wateja wangu wengi hapa Nairobi huniuliza mbona bogenvilia yao imenawiri lakini haichanui. Nikifika, nakuta inamwagiliwa kila jioni pamoja na nyasi. Hapo ndipo maua yanapopotelea.

1. Kata vipande. Mimi hungoja mvua za Machi, maana kwenye baridi ya Julai vingi huoza. Chagua tawi lililokomaa, nene kama penseli, ukate sentimita 15 hadi 20. Toa majani, chomeka kwenye mkebe uliotobolewa chini, uweke kivulini. Majani machanga yakitokeza usivute kuangalia mizizi. Mara nyingi hutangulia kabla mizizi haijashika. Vumilia miezi miwili au mitatu.

2. Hamisha. Mizizi yake ni myembamba, hukatika upesi. Usikung'ute udongo: pasua mkebe, teremsha bonge zima shimoni, mahali penye jua kwa muda wa saa sita kila siku. Udongo mwekundu wa Karen hupitisha maji vizuri. Ule mweusi wa Embakasi hutuamisha maji, kwa hiyo inua tuta na uchanganye mchanga na samadi iliyooza.

3. Funga. Haijisokoti yenyewe kama maharagwe. Ielekeze kwenye waya kwa kamba laini, bila kukaza.

4. Punguza maji. Mwaka wa kwanza usiiache ikauke. Ikishashika, lowesha udongo hadi chini, kisha ngoja. Mimi huangalia ncha za matawi asubuhi, jua halijawa kali: zikiwa zimelegea, ndipo namwagilia. Iliyo kwenye chungu hukauka haraka, ichunguze mara kwa mara. Pia acha kuitilia mbolea ya CAN, kwani naitrojeni nyingi hukuza majani. Niliwahi kuitia yangu msimu mzima. Ikapanda hadi paani bila ua hata moja.

5. Pogoa. Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Shika shada moja ulitazame kwa karibu: hiyo zambarau au nyekundu ni majani yaliyogeuka rangi, matatu matatu, na kila moja limebeba kijiua cheupe chembamba. Mashada hayo hutoka kwenye matawi mapya. Kwa hiyo yakianza kukauka kama karatasi, vaa glavu nzito, miiba ni mikali, ukate theluthi ya urefu wa kila tawi lililochanua.